Vifuniko Kumi na Vinane

Gari la Majken Sundell linanuka nta mwaka mzima. Hata Julai, madirisha yakiwa wazi, linanuka, kwa sababu kila Novemba hubeba mishumaa ya makaburini, ile mifupi ya kopo jeupe la plastiki na kifuniko cha bati chenye matundu, na kuizungusha kwenye makaburi ya mkoa mzima. Waliolala humo hawamjui. Wanaomtuma wako gerezani.

Ana miaka sitini na minane. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mhudumu wa kanisa la Torsmåla, kusini mwa Uswidi: kuondoa theluji mlangoni, kupiga kengele, kunyoosha misalaba iliyolala. Tangu mwaka 2006, kila Jumatano mchana, anafundisha Maandiko katika gereza lililo msituni, kilomita arobaini kutoka nyumbani kwake. Darasa hilo halipunguzi kifungo hata kwa siku moja. Anayekuja hupata kahawa, mkate mtamu wa mdalasini na saa mbili za kusoma sura kwa sura. Humo ndani watu huitana kwa jina la kwanza tu, mwalimu naye. Mlangoni kuna karatasi aliyoiandika Majken mwenyewe: Kinachosemwa hapa kinabaki hapa, na hakuna atakayeulizwa.

Jumatano ya kabla ya Sikukuu ya Watakatifu Wote darasa hilo lina desturi yake. Somo huwa fupi. Kisha kila mfungwa hupewa vipande vya karatasi na penseli, aandike majina ya wafu wake, mengi apendavyo, na mahali walipolala. Huandika kwa herufi kubwa ili mwandiko usijulikane. Karatasi hukunjwa mara nne na kutiwa kwenye bati la biskuti. Majken huzifungua moja moja na kuzisoma kwa sauti bila kuzipitia kwanza. Zamani kasisi mmoja alizipitia akaondoa majina mawili aliyoona hayafai, na kwa mwaka mzima darasa likawa na watu wawili. Jina likisomwa, aliyeliandika huinuka na kuwasha mshumaa mezani. Karatasi huchomwa kwenye sahani. Jumamosi Majken huzunguka na gari akiwasha mishumaa makaburini kwa niaba yao, na Jumatano inayofuata huwaeleza alichokikuta.

Mwaka 2019 walikuwa wanaume kumi na mmoja. Somo lilihusu kuzika.

"Penseli kumi na moja zimetoka, kumi na moja zirudi," alisema Jerker, askari magereza aliyekaa karibu na mlango. "Conny, na hiyo ya sikioni."

"Hii ni ya urembo, afande."

Conny alikuwa na miaka arobaini na moja, amefungwa tangu masika ya mwaka uliotangulia kwa kesi ya dawa za kulevya. Alikuwa mgeni darasani, na ndiye aliyewachekesha wenzake. Jina la bibi yake liliposomwa aliinuka wa kwanza, akapiga kiberiti kwa mbwembwe.

"Mama Majken, bibi yangu alikuwa mkali. Ukimpelekea mshumaa uliopinda atakufukuza na fagio."

"Wake nitachagua ulionyooka."

"Na ukikuta majani yamejaa kaburini, kosa ni la shangazi. Mimi nina udhuru."

Walicheka wote, hata Jerker. Zikasomwa karatasi nyingine: mama aliyelala Växjö, mtoto wa siku mbili, mbwa mmoja ambaye hakuna aliyethubutu kumcheka. Mezani mishumaa ilifika kumi na tisa. Majken akafungua karatasi ya ishirini, akasoma kama alivyosoma zile nyingine:

"Evert Rudhult. Bråtamo, machimbo ya zamani ya kokoto. Ukutani kwa nyumba ya pampu."

Anasema sauti ilikuwa imeshatoka kabla macho hayajaelewa. Alilisikia jina hilo kana kwamba limesomwa na mtu aliyesimama nyuma yake, na aligeuka kutazama. Nyuma yake palikuwa na ukuta.

Rudhult ni jina alilozaliwa nalo. Evert ni mdogo wake.

Walipishana miaka kumi na saba. Alimbeba mgongoni kabla hajawabeba wanawe. Jioni moja ya Novemba 1999, Evert akiwa na miaka ishirini na tisa, aliondoka kwa rafiki yake kutembea kilomita nne kurudi nyumbani. Kulikuwa na ukungu. Hakufika. Walikokota nyavu ziwani, walipita msituni na mbwa kwa wiki mbili, hawakupata hata kiatu. Mama yao, Alva, aliwasha taa ya barazani usiku ule na hakuizima tena; balbu ikiungua alibadilisha mchana, mlango ukiwa wazi. Kila mwaka kanisani yaliposomwa majina ya marehemu, Majken ndiye aliyewasha mishumaa ya watu wote. Jina la Evert halikusomwa. Alva alikataa.

"Wanaosomwa pale ni watu wasiorudi," alisema, na hakuna aliyebishana naye mpaka alipofariki mwaka 2015. Majken akahamia nyumba ile. Taa aliiacha ikiwaka.

Basi mara ya kwanza jina la Evert Rudhult kusomwa pamoja na wafu, lilisomwa gerezani, kwa mdomo wa dada yake. Na mtu aliyelijua lile shimo alikuwa amekaa mezani kwake anakunywa kahawa.

Hakuna aliyeinuka.

"Labda mwenyewe amesahau," alisema mmoja.

"Nani anasahau mtu wake?" alijibu mwingine.

Wanaume kumi na mmoja walitazama meza. Mishumaa kumi na tisa iliwaka wima, bila kutikisika.

"Majken?" aliita Jerker. Anatoka kaskazini ya mbali; jina lile halikumwambia kitu. "Tunaendelea?"

Majken alipiga kiberiti, akawasha mshumaa wa ishirini mwenyewe. Kisha akafanya kosa ambalo ni mhudumu wa kanisa wa miaka thelathini tu angelifanya: aliichoma karatasi. Mkono ulifuata desturi. Iliponyauka kwenye sahani ndipo alipoelewa kwamba ushahidi pekee uliopata kutokea kwa miaka ishirini sasa ulikuwa majivu, na ameuteketeza yeye.

Alikwenda kumweleza kasisi wa gereza, Annelie Frostne.

"Mimi sheria imenifunga mdomo," alisema kasisi. "Ningesikia kwenye maungamo, hata kwa mume wangu nisingesema. Wewe ni mwalimu tu. Hakuna kinachokufunga."

"Ipo ile karatasi mlangoni."

"Umeiandika mwenyewe, dada."

"Ndiyo maana."

Hesabu yake ilikuwa hivi. Machimbo ya Bråtamo ni makubwa kuliko kijiji cha Torsmåla, nusu yake maji. Akiwaita polisi sasa, watakuja na mashine, habari zitatangazwa, na mwenye karatasi ataziona kwenye televisheni ya gereza na kufunga mdomo daima. Wasipopata kitu, Evert atapotea mara ya pili. Na Jumatano hatakuja mtu darasani, wala mwaka ujao. Lakini akinyamaza, mdogo wake atabaki kokotoni. Alijipa wiki moja.

Jumamosi aliwasha mishumaa yake kama kawaida. Bråtamo aliiacha ya mwisho, akafika saa tisa mchana, mwanga ukianza kuisha kama unavyoisha huko Novemba. Aliacha gari kwenye mnyororo wa zamani uliofunga njia, akatembea. Maji ya shimo yalikuwa ya kijani, hayana hata wimbi. Nyumba ya pampu ni kibanda cha zege kisicho na mlango, na upande wa nje, ukutani, kuna ukingo wa upana wa kiganja.

Juu ya ukingo kulikuwa na vifuniko vya bati.

Alivitambua kabla hajavikaribia. Maisha yake yote amevishika. Vilikuwa vya mishumaa ya makaburini, vimepangwa mstari mmoja, nafasi sawa, na juu ya kila kimoja kokoto moja ili upepo usikichukue. Cha kwanza kushoto kilikuwa kimeliwa na kutu mpaka kimebaki kama kitambaa cha kufumwa. Cha mwisho kulia kiling'aa bado. Alihesabu kumi na vinane. Akarudi, akahesabu tena.

Kwa miaka kumi na minane, kila Watakatifu Wote, mtu alikuwa amekuja kumwashia Evert mshumaa. Halafu mwaka jana hakuja. Majken anajua watu wa namna gani huacha kuja ghafla kwenye makaburi. Ndio anaowafundisha.

Aliweka mshumaa wake kulia, akaacha nafasi ya kifuniko kimoja, ya mwaka uliorukwa.

"Evert," alisema. "Ni mimi."

Mwangwi ulirudi kutoka ng'ambo ya maji, ukiwa mzito kuliko sauti yake. Misonobari juu ya shimo ilikuwa ikiyumba, lakini ule mwali pale ukutani ulisimama kama uliochorwa. Alitembea kinyumenyume mpaka kwenye mnyororo. Hakutaka kuupa mgongo, anasema, na hajui ni kwa adabu au kwa woga.

Jumatano walikuja wote kumi na mmoja. Alieleza kaburi moja moja.

"Bibi yako, Conny. Pasafi kabisa. Shangazi alishapita."

"Mnafiki yule," alisema Conny. "Amejua kuna mtu anakuja kukagua."

Walicheka. Majken alingoja kicheko kiishe, akaweka mikono mezani na macho kwenye mikono.

"Bråtamo. Niliwasha saa tisa. Nimekuta vifuniko kumi na vinane, kila kimoja na jiwe lake. Aliyevipanga alikuwa na mkono mzuri. Karatasi nimeichoma, kama zote. Sitauliza ni ya nani; nimeandika pale mlangoni kwamba siulizi. Lakini Evert Rudhult ni mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kutembea. Ijumaa nitakwenda polisi kuwaambia mahali, na sitasema zaidi ya mahali. Nawaambia nyinyi kwanza ili msije mkasikia kwa wengine."

"Kwa hiyo ile karatasi ya mlangoni ni pambo," alisema mtu upande wa dirisha.

"Nusu yake ndiyo. Samahani."

Kiti kilikwaruza sakafu. Majken hakuinua macho. Aliona viganja viwili vikija mezani, na kwenye kidole kimoja wino wa zamani wa tatuu ya kienyeji, ule aliouona ukicheza na penseli wiki iliyopita.

"Mama," alisema Conny. "Sikujua ni wako. Humu hatuna majina ya ukoo."

Akasimulia jioni ile ya 1999. Alikuwa na miaka ishirini na moja, gari la baba yake, bia nne tumboni. Ukungu. Mlio mmoja tu, kama mfuko wa viazi umeanguka. Gazeti ndilo lililompa jina la yule mtu, wiki iliyofuata.

"Nilishuka. Macho yake yalikuwa wazi, nikadhani ananitazama. Nikasogea kushoto, hayakunifuata."

"Alikufa palepale?"

"Palepale."

"Usinidanganye ili nilale."

"Palepale, mama. Wallahi singekuja kila mwaka kama... Yuko ndani, si nje. Chini ya lile bamba la zege la pampu. Polisi peke yao wasingeinua lile bamba."

Majken alimsukumia kiberiti. Conny alivunja njiti tatu. Jerker aliacha mlango, jambo ambalo kanuni haziruhusu, akamshikia kopo la mshumaa.

Ijumaa hiyo Majken hakwenda polisi. Polisi walikuja gerezani, kwa maombi ya Conny mwenyewe. Walimkuta Evert Jumanne iliyofuata, chini ya bamba, kabla ardhi haijaganda. Kesi haikufunguliwa: kwa ajali ile na kwa kuuficha mwili, muda wa sheria ulikuwa umepita. Wafungwa watatu waliacha darasa, wakasema ahadi ni ahadi, na Majken hawalaumu. Ile karatasi ya mlangoni ameibandua. Mpya ina mstari mmoja tu, kwamba hakuna atakayeulizwa.

Evert alizikwa Torsmåla wiki ya pili ya Desemba, pembeni ya mama yake. Majken aliwaomba polisi vile vifuniko, akaviweka kwenye bati la biskuti kabatini. Nilipomtembelea ili niandike habari hii, nikataka kujua vya nini, alinitazama kama mtu aliyeuliza picha za marehemu ni za nini.

"Ndio wageni pekee aliowahi kupata kule," alisema.

Siku ya maziko alirudi nyumbani saa kumi jioni, giza likiwa limeshaingia. Taa ya barazani ilikuwa ikiwaka, kama ilivyowaka kwa miaka ishirini. Alivua viatu, akanyoosha mkono, akaizima. Alisimama kizani akingoja macho yazoee. Anasema ilichukua muda mrefu sana, kwa sababu alikuwa hajauona ule uwanja bila mwanga tangu Evert apotee, na alikuwa amesahau kwamba barabara, ile ambayo Evert angerudi nayo, ilikuwa karibu namna ile.