Hereni ya Ng'ombe wa Mwala

Siku yangu ya kwanza kazini sikujua kwamba naenda kazini. Nilitoka nyumbani Mitaboni asubuhi na shati moja la akiba, bila kumwambia mtu ninakoenda, kwa kuwa hata mimi sikujua. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la saba. Lori la mchanga lilinishusha Machakos mjini, mbele ya ofisi yenye kompyuta tatu. Nikasimama dirishani mpaka Meneja akatoka.

"Wewe, unanunua ama unatuhesabu?"

"Nataka kujua hiyo mashine inafikiria na nini."

Akacheka. "Ingia ufagie. Utajua."

Nilifagia na kusoma vitabu vyake, kisha nikaanza kuandika programu. Tuliandika kwa njia ya vitu: kila ng'ombe, kwa mfano, ni kitu kimoja kinachobeba taarifa zake, na vitu vingi hukaa pamoja katika mkusanyiko. Kuviweka humo ni rahisi. Kazi ni kukitoa kile kimoja unachokitaka. Mkusanyiko wa aina ya orodha hukupa kitu kwa nafasi yake, na nafasi ya kwanza huitwa sifuri, jambo lililonisumbua wiki nzima. Ule wa aina ya kamusi hukupa kitu kwa alama yake ya pekee, popote kilipo.

Kituo changu cha pili kilikuwa Mlolongo, katika ofisi ya machimbo ya mawe. Malori yalikuja kwa foleni na kuondoka kwa foleni, kwa hiyo orodha ilinitosha. Nikaizoea mno.

Halafu nikapelekwa Mwala, kwa chama cha wafugaji, chini ya Daktari wa Mifugo. Ng'ombe wote walivalishwa hereni yenye namba sikioni, wakapimwa damu kutafuta ugonjwa wa kutupa mimba; atakayepatikana nao angechinjwa. Mimi niliwapanga katika orodha na kuandika majibu ya maabara kando, kwa nafasi zao. Ng'ombe wa nafasi ya tisa akafa, nikamfuta. Wa kumi akawa wa tisa, na wote waliomfuata wakasogea vilevile. Majibu hayakusogea.

Jumatatu Daktari alifika na wachinjaji kwa Mama Mwikali, mjane aliyelisha nyumba yake kwa maziwa ya ng'ombe mmoja. Nilikuwa nao.

"Huyu si mgonjwa," mama akasema, kamba mkononi. "Mwenye anatupa mimba ni wa jirani. Hapa kila mtu anajua."

"Kompyuta imesema, mama," Daktari akajibu.

"Hiyo kompyuta imewahi kumkamua?"

Wachinjaji wakacheka. Daktari akanigeukia. "Fundi, una hakika?"

Nilitoa karatasi ya maabara. Namba ya hereni iliyoandikwa pale kwa ng'ombe mgonjwa haikuwa ile ya sikioni mwa huyu. Ulimi ulitaka kuilaumu mashine.

"Nimekosea mimi," nikasema.

"Basi mwambie yeye."

Nikamwomba mama msamaha. Akanipa kamba. "Mrudishe zizini. Na umwangalie uso vizuri, usimsahau tena."

Siku hiyohiyo niliwahamisha ng'ombe wote kwenye kamusi, kila mmoja kwa namba ya hereni yake. Nikaongeza kwamba namba isipokuwepo, programu isimame na kusema haipo, isimtoe wa jirani. Aliyekuwa mgonjwa kweli akapatikana. Tangu hapo, popote nilipofanya kazi, nilianza kwa kuuliza hereni iko wapi.

Mwaka huu nimestaafu. Miguu haijastaafu. Juzi asubuhi nilitoka tena bila mpango, na kufikia mchana bodaboda ikanishusha Mwala. Mwikali, bintiye yule mama, sasa anapangisha vyumba.

"Wewe si fundi wa ng'ombe?" akauliza, akicheka. "Chukua namba tano."

Nikahesabu milango. Wenye namba tano ulikuwa wa nne.

"Namba tatu iko wapi?"

"Ilianguka na mvua."

"Na hukubadilisha namba?"

"Nibadilishe, mzee, ndio wageni waingie vyumba vya wenzao?"

Sikuwa na la kumfundisha. Nikafungua namba tano, nikavua viatu.