Mlinzi wa Lango na Farasi Wetu wa Kijivu

Kompyuta iliwaka mara ya tatu. Mara ya kwanza ilikohoa, ya pili ikatoa harufu ya vumbi linaloungua, ya tatu ikakubali, na pale kwenye kioo, katikati ya theluji, alikuwa amesimama farasi wetu wa kijivu. Nilihesabu miguu yake. Minne. Nikahesabu tena, maana mnyama uliyemwacha miaka kumi na sita humwamini kwa kumtazama mara moja.

Nilimpigia dada yangu huko Modogashe simu ya video papo hapo. Hata salamu sikuzimaliza. Nilimwambia tu kwamba yuko hai.

Hakuuliza nani. Aliniambia nisiguse kitu, niweke simu mahali anapoweza kuona. Niliiegemeza kwenye chupa ya chai.

Abti, ndugu wa mama yetu, alikuwa na duka la kupiga chapa na kutoa kopi hapa Garissa. Enzi zile, kati ya adhuhuri na alasiri alilala, na kompyuta ikawa yetu. Aliinunua ikiwa imetumika, na mle ndani mwenyewe wa kwanza alikuwa amesahau mchezo: ngome, mapanga, wachawi, na joka linalochoma vijiji. Mjini hakuna aliyeujua. Wenzetu walicheza mpira na magari. Juzi niliutafuta mtandaoni nikapata watu saba wanaoukumbuka. Nilipohesabu tena walikuwa sita. Mmoja alikuwa akibishana na nafsi yake kwa majina mawili.

Shujaa alitakiwa kuliua joka. Sisi tuliokota mtoto wa farasi njiani, anachechemea, na hapo kazi ya joka ikaisha. Tulimhamisha bonde hadi bonde kufuata majani. Mfalme akatuma mjumbe, akatuma wa pili, vijiji vinaungua. Tulimwacha atume. Ukiwa na mnyama mgonjwa huendi vitani, na mfalme aliyelelewa vizuri angelijua hilo.

Farasi alipona. Tukafika ngomeni, ambako nusu nzima ya mchezo ilikuwa imefungiwa. Langoni alisimama mlinzi mwenye tumbo, akataka malipo yake: farasi yule, au turudi tulikotoka.

Tulifanya anachofanya mtu yeyote aliyekulia karibu na soko la mifugo. Tulicheka, tukageuka, tukaondoka polepole, kwa mwendo ule wa kumpa mtu nafasi ya kukuita. Sokoni, ukifika hatua ya kumi bila kuitwa, ujue umekosea kitu. Sisi tulifika darajani. Hatua arobaini na mbili, na mlinzi hakuita. Tukarudi, akasema yale yale. Tukaondoka tena. Alasiri ngapi tulipoteza hivyo sizijui, na mimi si mtu wa kutojua idadi.

Mwishowe nilichoka, nikasema tumtoe farasi tuingie. Dada alikataa. Tulinuniana juma zima. Kisha akaolewa, na siku ya kupanda gari kwenda kwa mumewe, watu wakimwombea dua, aliinama dirishani akaniambia neno moja: "Usimtoe."

Sikumtoa. Wala sikuingia. Abti alifunga duka, kompyuta ikakaa stoo chini ya shuka, mpaka wiki hii fundi alipoifungua, akanionya kwamba ikilala tena haitaamka. Mafundi hukupunguzia matumaini ili baadaye uwashukuru, lakini diski ilikuwa inakwaruza kama kuku, nami nikamwamini. Kuuhamisha mchezo kwingine alijaribu, akashindwa. Kwa hiyo ilikuwa leo, ama ngome ile tungeifia nje.

Nilimsogeza shujaa hadi langoni. Tumbo lile lile. Farasi, au rudi ulikotoka. Vidole vyangu vikaanza kumgeuza shujaa vyenyewe.

"Simama hapo hapo," dada akasema.

"Abaayo, dada yangu, tumesimama hapa mara mia."

"Hujasimama hata mara moja. Unaongea, unageuka, unaongea. Umewahi kumwona mama akigeuka?"

Sikuwahi. Mama aliuza maziwa ya ngamia. Mteja akitaja bei ya kipuuzi, hakumjibu, hakumtazama, hakumfukuza. Alipanga vikombe vyake. Kimya kilimkalia mteja mabegani mpaka akaongeza mwenyewe. Mimi niliyajifunza ya sokoni kwa wanaume. Dada alikaa na mama.

Niliondoa mikono. Theluji ikaanguka. Huku Garissa jasho linanitiririka mgongoni, feni ya kompyuta inalia, na upande wa dada lori linapiga honi. Dada hakugeuza hata jicho. Nilihesabu hadi mia. Nikahesabu mia nyingine kuhakikisha ya kwanza.

Mlinzi akabadilisha mguu.

Miaka yote ile hatukuwahi kumwona akisogea. Akakohoa. Maneno mapya yakatokea chini kwenye kioo: mkaidi wewe, basi niachie tandiko.

Dada alijiziba mdomo kwa shungi. Mimi nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Halafu, Mungu anisamehe, nikaona kwamba aliyeshuka kutoka farasi hadi tandiko anaweza kushuka hadi hatamu. Nikarudisha mikono mapajani.

"Walaal, ndugu yangu," dada akasema, taratibu sana. "Mashine inakufa. Mpe tandiko."

Diski ilikwaruza. Nikampa.

Lango likafunguka. Tukaingia, farasi wetu mgongo wazi, miguu minne. Nilitarajia dhahabu, au joka. Kulikuwa na soko. Mahema, mbuzi, moshi wa nyama, watu wengi kuliko niliowaona katika mchezo wote, na dada akawa ananiamuru nisogee kushoto, hapana kulia, nimwonyeshe wale mbuzi kwa karibu. Mzee mmoja mwenye fimbo akatoka kwenye umati, akamzunguka farasi, akamtazama meno, akauliza tunamtaka kwa ngapi.

Feni ilikuwa inapiga kelele kuliko sisi wawili.

"Usimjibu," dada akasema.

Mikono yangu ilikuwa tayari mapajani.