Kila Mtu Asimame Alipokuwa

Kaka yangu Ghalib ni mtu wa ngumi. Simsengenyi, ukimuuliza mwenyewe atakwambia hivyo, tena kwa fahari. Miaka zaidi ya arubaini amefanya kazi ya springi za malori hapa Changamwe, akipiga chuma kwa nyundo kubwa tangu asubuhi hadi alasiri, na jioni nyundo huiacha gerejini lakini mkono huja nao nyumbani. Alimng'oa meno mawili dereva mmoja kwa kumpigia honi. Alivunja mlango wa choo kwa sababu aliyekuwa ndani alikawia. Majirani humpenda, maana mwizi hapiti mtaa wetu. Mimi pia nampenda. Baba yetu alifariki nikiwa na miaka kumi, na ni Ghalib aliyenilisha, akanivisha, akanisomesha, na akanipiga.

Zamani zile Changamwe ilikuwa na bendi yake ya roki, Radi ya Pwani. Walikuwa vijana wa viwandani waliojinunulia magitaa ya umeme, wakaimba kwa Kiswahili huku wakipasua masikio ya watu. Mpiga gitaa aliitwa Najib, mwembamba, vidole virefu, na sisi wasichana tulikuwa tukimtaja kwa kunong'ona. Mashabiki walikuwa kambi mbili, wa Changamwe na wa Likoni, na hawakuivana. Wa Likoni walivuka feri kila Jumapili kuja kucheza bugi, dansi la mchana, na kila Jumapili mtu alirudi kwao na kichwa kilichofungwa kitambaa.

Onyesho linalosimuliwa mpaka leo ni la mwaka wa themanini na tano. Madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa mapazia meusi ili mchana uwe usiku. Katika wimbo wa mwisho Najib alinishika mkono akanipandisha jukwaani. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na ile furaha sijaipata tena. Kisha stima ikakatika. Kizani nilipigwa kofi, nikanusa grisi ya springi, nikasikia karibu na sikio langu sauti ya kaka yangu ikisema, "Mkono huu ndio uliomshika dada yangu." Halafu nikasikia buti likishuka, lile buti la kazi lenye chuma puani, mara tatu, na Najib akilia kama mtoto.

Stima iliporudi Ghalib alikuwa chini ya jukwaa, ananyoosha kidole kuelekea mlangoni. "Ni yule wa Likoni! Yule mwenye shati la manjano!"

Mwenye shati la manjano aliitwa Yasir. Walimpiga kwa kreti za soda na mnyororo wa baiskeli mpaka goti lake likageuka upande usiokuwa wake. Ghalib ndiye aliyekuwa mbele. Tangu siku hiyo Yasir akaitwa Mvunja Vidole. Najib hakushika gitaa tena mpaka alipoingia kaburini, na hakujua ni nani aliyemfanyia, kwa maana mayowe ya ukumbi mzima yalimzuia kusikia.

Mimi nilijua. Mwanzo nilinyamaza kwa sababu Ghalib ndiye aliyenilisha. Baadaye nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimekwisha kunyamaza.

Mwaka huu Jalila, bintiye Najib, alikusanya wenzake watatu wakaunda bendi ya kumuenzi babake. Walitangaza kwamba watalirudia onyesho la mwaka wa themanini na tano katika ukumbi ule ule, wimbo kwa wimbo. Mashabiki wa zamani wakaja mbio na vikohozi vyao. Wallahi, sijapata kuona wazee wakorofi namna ile. Wimbo wa pili ulipoanza, mmoja wa Likoni alipiga yowe, "Huu ulikuwa wa tatu!" Mmoja wa Changamwe akamwambia anyamaze, siku ile alikuwa amelewa. Yule wa Likoni akamtandika kwa kofia, huyu akarusha kiti, na mvi zikakamatana mashati. Meno ya bandia yalikanyagwa. Jalila aliacha kupiga akawaachilia dakika tano, kisha akashika kipaza sauti.

"Wazee wangu, shikamooni," alisema. "Kama mnakumbuka vizuri hivyo, basi kila mtu asimame alipokuwa siku ile. Tutauona ukweli sote."

Alitaka kuwatuliza tu, masikini. Wakakubali kwa bidii ya watoto. "Weye hukuwa hapo, ulikuwa nyuma ya nguzo!" "Na mimi nilikuwa bega kwa bega na marehemu Masha, acheni pengo lake!" Walijipanga, wakasukumana, wakaacha mapengo ya wafu. Hapo ndipo Yasir alipoingia na bakora yake. Hakuwa amekanyaga Changamwe kwa miaka arubaini. Ukumbi ulinuna. Mtu akatema mate.

"Nimesikia kila mtu asimame alipokuwa," Yasir alisema. "Mimi n'likuwa hapa mlangoni. N'takufa karibuni inshallah, na jina mlilonipa sitaki lisomwe matangani kwangu. Nitazameni, mseme mtu wa hapa angefikaje pale jukwaani."

Ghalib alikuwa ukutani, karibu na geti la nje lililo kando ya jukwaa, kwa maana hadithi yake ya miaka yote ni kwamba wakati stima inakatika yeye alikuwa nje akipigana, akaingia mbio aliposikia mayowe. Nilimtazama. Hakunitazama.

"Bi Salme," Jalila akaniita, "wewe ndiye baba aliyempandisha, sivyo? Njoo, shangazi." Alilaza gitaa lake sakafuni, akashuka, akanishika mkono.

Nilipanda na miguu yangu ya uzeeni. Jalila alikuwa na vidole vile vile. Alinizungusha mara moja kama alivyonizungusha babake, watu wakashangilia, na nikajisahau, nikacheka. Nilicheka kwa sauti, mimi mjane wa miaka hamsini na minane. Kisha, ili mambo yawe sawasawa na siku ile, mpiga ngoma akazima taa.

Lakini walizima taa tu. Siku ile stima yote ilikatika na vipaza sauti vikafa. Safari hii hakuna aliyegusa waya za vyombo.

Kofi lilinikuta shavu lile lile. Nilinusa grisi. Na ukumbi mzima, kutoka kwenye spika mbili kubwa kama makabati, ukasikia, "Mkono huu ndio uliomshika dada yangu!"

Buti likashuka. Namshukuru Mungu Jalila aliruka kando. Lilikita kwenye shingo ya gitaa, nalo gitaa likapasuka kwa mlio ambao bado nausikia. Taa zikawashwa. Kaka yangu alikuwa amesimama jukwaani, miaka sitini na minne, anahema, buti moja katikati ya vipande vya gitaa. Alijitazama mguu kama aliyeletewa mguu wa mtu mwingine. Baadaye aliniapia kwamba hakujua anakwenda mpaka alipofika, nami namwamini. Hasira yake haijawahi kumwomba ruhusa.

Mzee aliyesimama katikati ya ukumbi akageuka kumtazama Yasir, ambaye hakuwa ametoka mlangoni. "Siku ile hakuna aliyenipita," alisema polepole. "Tulikuwa tumebanana. Hakuna aliyenipita." Na wa mbele yake akasema, "Wala mimi."

Ndipo walipomvaa Ghalib. Wale wale waliompiga Yasir, na wa Likoni pamoja nao, kwa mara ya kwanza wakawa kambi moja. Walimvuta miguu mpaka chini ya jukwaa, akaanguka kwa mgongo. Walimpiga kwa viti, kwa viatu, kwa mikanda. Damu ilimtoka puani na masikioni, na mkono ule ulioniletea chakula tangu utotoni ukakanyagwa hadi nikausikia ukivunjika. Nililia, "Mcheni Mungu! Mtamuua!" Nilishuka nikamwangukia Yasir, ambaye alikuwa amekwisha kufika pale polepole, nikamwomba awazuie. Aliwaacha kwanza. Aliwaacha mpaka akaridhika. Kisha akainua bakora, nao wakarudi nyuma.

"Basi," alisema. "Jina langu nimelipata."

Jalila alikuwa amepiga magoti akikusanya vipande vya gitaa, na machozi yanamdondoka. Yasir alinigeukia. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Na weye Salme, siku ile ulisimama wapi?"

Ningeweza kusema nilizimia. Ningeweza kusema sikusikia. Lakini watu mia mbili walikuwa wamesimama kila mmoja mahali pake, na mimi nilirudi jukwaani nikasimama pangu.

"Hapa," nilisema.

Alipanda jukwaani kwa taabu, ngazi moja, kisha ya pili, goti lile likikataa kukunjika. Akailaza bakora yake sakafuni, kutoka vidole vya miguu yangu hadi pale gitaa lilipovunjikia, ili kila mtu aone. Bakora ilifika, na urefu ukabaki; aliyesimama karibu hivyo hakosi kusikia.