Biskuti za Wimbi na Kiti cha Mlangoni

Ndizi zikiiva hadi maganda yakawa meusi, watu wengi huzitupa. Mimi huzisogelea nikazinusa. Harufu ile tamu na nzito, kama ya kitu kinachokaribia kuchacha, hunirudisha mtaa wa Mbotela, katika jiko letu jembamba ambamo watu wawili hawakuweza kupishana bila mmoja kuvuta tumbo ndani.

Nilikuwa na miaka kama kumi, na miaka ya tisini ndiyo kwanza imeanza. Kila Jumatano jioni ushirika wa kanisa letu ulikutana nyumba kwa nyumba. Tuliimba, tukasoma Neno, tukaombeana, kisha chai ikaletwa. Nanyi mnaijua chai yetu. Majani, maziwa na sukari huchemshwa pamoja katika sufuria moja, na anayeikataa amemkataa aliyeipika.

Baba alikuwa dereva wa lori. Mwaka ule aliambiwa hospitalini kwamba ana ugonjwa wa sukari, akamkataza Mama kumwambia mtu. Siku hizo mtaani uliitwa ugonjwa wa matajiri. Dereva wa lori akiwa nao angechekwa, au angehurumiwa, na sijui ni lipi Baba aliliogopa zaidi. Basi katika kila nyumba alichagua kiti cha mlangoni. Vikombe vilipoanza kupita, alisimama akasema anaangalia kitu nje. Siku moja nilichungulia dirishani, nikamwona amesimama kando ya ua wa miiba ya kayaba, mikono mfukoni, akiwasikiliza wenzake wakicheka ndani.

Walimwona pia. “Dereva huyu amezoea chai ya mahoteli makubwa,” alisema mmoja kwa sauti ya kusikika hadi nje. “Hii yetu ataiweka wapi?”

Tulipofika nyumbani Baba alivua koti na kumwambia Mama, “Mama Mwende, zamu yetu ya kukaribisha wageni ikipita, mimi basi. Nitaomba nikiwa hapa kwangu.”

Kesho yake Mama alirudi kutoka sokoni na ndizi zilizoiva kupita kiasi, unga wa wimbi na njugu karanga. “Baba yako atakula pamoja na wageni,” aliniambia, “na wageni watakula anachokula yeye.” Muuguzi alikuwa amemruhusu Baba ndizi kidogo, kwa kiasi. Utamu wote ungetoka hapo, na chumvi kidogo ya kuuamsha.

Hatukuwa na tanuri. Tulichekecha mchanga, tukautandaza ndani ya sufuria kubwa, tukaiweka juu ya jiko la makaa. Biskuti zilikaa ndani kwenye sahani ya bati, na makaa mengine tukayapanga juu ya kifuniko. Kazi yangu ilikuwa kuponda ndizi kwa uma na kutwanga karanga, nikiacha kabla hazijatoa mafuta. Mama alikaanga unga kwanza ili uache harufu ya ubichi, akachanganya, kisha akabonyeza madonge kwa kitako cha glasi.

Za kwanza ziligomea meno. Otieno, mvulana wa nyumba ya pili, alichukua moja, akaigonga ukutani na kusema, “Mwende, hii ni biskuti ama ni gololi ya kucheza bano?” Wenzake wakacheka hadi wakakaa chini. Za pili tulizidisha ndizi, zikabaki laini kama ugali wa mgonjwa. Za tatu ziliungua chini kwa sababu mchanga ulikuwa mwembamba. Kila mara Mama alionja, akafikiri, akasema, “Bwana hajatuambia tuache,” akaosha sahani.

Mama Nekesa, jirani yetu aliyetoka Bungoma, alimhurumia. “Dada, tia sukari kidogo tu. Nani atajua?”

“Mwili wa atakayekula,” Mama akajibu, akaendelea kukanda.

Jumatano yetu ikafika. Biskuti za siku hiyo zilitoka kavu kandokando, laini katikati, rangi ya udongo uliolowa mvua. Tulikuwa tukizipanga pale Mama Nekesa alipoingia na bakuli la mandazi. “Nimekuletea ya kukuokoa,” akanong’ona. Mama alimshukuru kwa mikono miwili, akayafungia kabatini. “Watoto watayala kesho.” Chai aliichemsha bila sukari, na bakuli la sukari akaliweka mezani, kila mtu ajitilie.

Wimbo uliisha, Neno likasomwa, Baba akashukuru kwa ajili ya chakula kwa maneno machache mno. Alipofumbua macho alikuwa tayari ameshika mgongo wa kiti chake cha mlangoni.

Ndipo Mzee Kilonzo, kiongozi wetu wa ushirika, akakohoa. “Ngojeni. Kwetu Ukambani mgeni hali mpaka mwenye nyumba aonje kwanza. Kijana, tutoe wasiwasi!”

Nyumba nzima ikaangua kicheko, maana walijua watu wa kwetu wanavyosingiziwa uchawi. Baba naye alicheka bila kutaka. Mama akamshikia sahani. Alichukua biskuti moja, akauma, akatafuna polepole huku macho yote yakimtazama. Kisha Mama akampa kikombe, naye akakaa ili anywe.

“Sijaanguka,” akasema. “Kuleni.”

Walikula. Aliyemtania habari za mahoteli aliuliza sukari ya biskuti hizo imefichwa wapi. Baba akaweka kikombe chake chini. “Haimo,” akasema. “Daktari amenikataza.” Kisha mama mmoja mzee pembeni akasema, “Kumbe! Hata mimi,” akasogeza bakuli la sukari mbali naye.

Wakati huo niliona ni bahati tu kwamba Mzee Kilonzo alikumbuka desturi ile. Miaka mingi baadaye, tulipomzika Mama, Mzee Kilonzo aliniita kando, akiegemea mkongojo. Alinieleza kwamba Mama alibisha mlangoni kwake siku moja kabla ya zamu yetu. “Aliniomba nisisahau mambo ya kwetu, mwenyeji aonje kwanza. Nilimuuliza sababu. Akasema, ‘Mzee, we nikumbushie tu.’ Siri ya mume wake hakuitoa.”

Sasa mimi pia ni mzee wa kanisa, na ushirika ukija kwangu naoka biskuti zile zile kwa vitu vinne. Namshukuru Mungu kwa mama aliyejua kwamba biskuti peke yake, hata ingetoka nzuri vipi, isingemzuia Baba asitoke. Jumatano iliyofuata ile ya zamu yetu tulikwenda kwa Mama Nekesa. Baba alikipita kiti cha mlangoni, akabanana na watu hadi dirishani, mahali ambapo huwezi kutoka mpaka watu wanne wasimame wakupishe.