Fulana yangu nyuma ya jiwe la kaburi

Leo nimemsaka mkosaji saa nzima, kumbe ni mimi.

Mnajua huku ughaibuni nalinda jiwe la kaburi makumbusho, lenye maandishi ya Kiarabu, la miaka zaidi ya elfu. Madam anayelitunza amekuta herufi zinatoa unga wa chumvi.

"Kuna unyevu hapa," akasema.

Bosi wangu akaapa aliyeuleta atarudishwa kwao. Nami nikainama, natafuta bomba linalovuja.

Madam akapapasa nyuma ya jiwe, akavuta fulana yangu. Huwa naianika pale ikilowa jasho la njiani, maana kiyoyozi cha pale ni kikali. (Msinicheke, nyinyi mnaokaa mtaa wa Karama mna kamba za kuanikia.)

Akanitazama. Akamwambia bosi, "Kitambaa changu, nilikisahau. Khalas, yameisha."

Akaondoka nayo.

Fulana ninazo mbili tu. Nimwombe anirudishie, au ninyamaze?