Shangazi Aliyekatazwa Kushika Mwiko

Mjini Savusavu, bandari ndogo ya visiwani, ilikuwa vigumu kupata harusi iliyopikwa bila Taraivini, na kwa sababu hiyohiyo ilikuwa vigumu kupata harusi ambayo Taraivini aliiona. Miaka ishirini na minane alipika katika shule ya bweni ya wasichana, na Jumamosi zake alizimalizia kwenye moshi wa sherehe za watu. Nyimbo alizisikia kutoka nyuma ya banda. Mabibi harusi aliwajua kwa kusimuliwa. Sasa alikuwa na miaka sitini na miwili, mnene, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Hakuwahi kuolewa, wala hakuona sababu ya kumwomba mtu radhi kwa hilo.

Kelera, binti wa kaka yake, alilelewa naye tangu akiwa na miaka minne, mama yake alipofariki na baba yake akawa baharia wa kuonekana mara moja kwa mwaka. Binti akakua, akawa muuguzi, akapata mchumba. Jumapili moja, wametoka kanisani, akamkalisha shangazi yake mkekani.

"Shangazi, nataka wewe ndiye uchague wapishi wa harusi yangu."

"Wapishi gani tena? Kwani mimi naenda wapi?"

"Wewe utakaa kwenye kiti. Mbele kabisa. Umevaa gauni jipya, na shada la maua shingoni."

"Nitakuwa nimekufa?"

"Shangazi! Sina hata picha yako moja ambayo hujashika mwiko. Siku hiyo hupiki. Kaonje kwa watu, kisha uniambie nani anafaa kulisha wageni mia mbili na hamsini."

Taraivini hakubisha, na hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu anayemfahamu. Alikuwa ameshakata shauri. Ataonja kwa kila mpishi, na kila mpishi atamtia ila. Wakiisha wote, harusi ikikaribia, nani atabaki? Akatabasamu, akaenda kutafuta mkoba.

Alianzia hoteli moja ya ufukweni. Mpishi mkuu, bwana mrefu mwenye kofia ndefu kuliko yeye mwenyewe, akamletea sahani kubwa kama ungo. Katikati palikuwa na kipande cha samaki kama kidole gumba, na kando matone matatu ya mchuzi wa kijani.

Taraivini akaitazama, akainama, akatazama hata chini ya sahani.

"Baba, huyu aliyekula kabla yangu mbona hakumaliza?"

"Mama, hivyo ndivyo tunavyopakua."

"Wageni wetu mkiwapakulia hivi, saa kumi watamla bwana harusi."

Samaki mwenyewe alikuwa mtamu. Hakusema.

Kutoka hapo akaenda kwa Bimla Wati, shoga yake wa miaka thelathini, aliyekuwa na kibanda cha chakula karibu na soko. Bimla alimpikia mchuzi wa mbuzi, na puri zilizofura kama mashavu ya mtoto, na chatni ya embe mbichi. Taraivini alikula sahani ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaisafisha ya tatu kwa kidole. Kisha akavuta pumzi kwa huzuni.

"Ni chakula kizuri, shoga. Tatizo ni wazee wetu. Matumbo yao hayawezi pilipili."

"Wazee gani? Hao wanaokuja hapa kila Ijumaa na kuniomba niongeze?"

"Wameanza kuumwa juzi."

Bimla akaiondoa sahani.

Wa mwisho alikuwa Vilikesa, na huyo ndiye aliyemfurahisha zaidi kumkataa. Kijiji chake kilikuwa ng'ambo ya ghuba, na watu wa kijiji hicho na watu wa kina Taraivini walikuwa watani tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kuingia uani kwako akaondoka na kuku, akamtukana bibi yako, nawe ukacheka tu na kungoja zamu yako. Vilikesa aliwahi kuondoka na sufuria zima la chakula kwenye matanga ya mjomba wake Taraivini. Mwezi uliofuata alitia mkono katika mfuko wa koti lake la kanisani ili atoe sadaka, akakuta Taraivini ameishona mifuko yote. Alikuwa mjane wa miaka sitini na mitano, na kwa kuchoma lovo, yaani nyama na majimbi kwenye shimo la mawe ya moto, hakuwa na mpinzani pande zile.

"Karibu, mke wangu niliyeponea chupuchupu!" aliita, akifukua udongo juu ya majani.

"Mzee, bado uko hai? Nilileta rambirambi."

"Ziweke kando, ule hii kwanza."

Akamkatia nyama ya nguruwe. Haikuhitaji kisu, ilijiachia yenyewe kwenye mfupa, na harufu ya moshi na majani ikampanda Taraivini mpaka kisogoni. Akafumba macho. Akayafumbua upesi, kabla hajaonekana.

"Imeiva kupita kiasi," akasema. "Kama mpishi wake."

"Mbona unatafuna bado?"

"Nahakikisha."

Jioni ile akampa Kelera taarifa, uso umekunjamana kama wa daktari mwenye habari mbaya. Hoteli wanalisha ndege. Bimla anaunguza. Vilikesa hata kuni hajui kuzipanga. "Sasa zimebaki wiki mbili, mwanangu. Mimi sijui. Labda apatikane mtu wa humuhumu nyumbani, ajitolee."

Kelera alikuwa amehudumia watu wengi wanaojifanya wagonjwa. Akasema tu, "Pole kwa kazi, shangazi. Hebu niulizeulize."

Alhamisi ikaja habari kwamba kuna mpishi mpya amefika kutoka Suva, hodari, anaonjesha chakula chake kwenye kibanda cha Bimla. Taraivini akavaa miwani na kwenda. Akakuta meza imetandikwa kitambaa cheupe, Bimla amesimama amekunja mikono, na Vilikesa ameketi pembeni kama mwanafunzi.

"Wewe unafanya nini hapa?"

"Nimekuja kujifunza kupanga kuni," alisema Vilikesa.

Kelera akatokea nyuma na sahani. Majani ya majimbi yaliyopikwa kwa tui zito, samaki wa nazi, vipande vya jimbi vimepangwa kama maua. Mpishi, walimwambia, anaona haya, yuko nyuma.

Taraivini akaonja. Kwa nukta moja uso wake ulilegea, kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni. Lakini maneno alikuja nayo tayari kutoka nyumbani, nayo yakatoka.

"Tui limekatika. Chumvi, huyu aliimwaga au aliitia? Samaki amepikwa na mtu mwenye haraka. Na haya majimbi! Mtu wa namna hii asikaribishwe jikoni, akaribishwe polisi. Mwambieni arudi Suva na boti ya leo."

"Una hakika, shangazi?"

"Mwanangu, mimi nimepika tangu hujazaliwa. Huyu hajui hata alipotoka."

Bimla akageukia ukuta, mabega yanatikisika. Kelera akaingia nyuma, akatoka na sufuria la bluu lenye mpini uliofungwa waya, sufuria ambalo Taraivini angelitambua gizani.

"Chakula hiki ulikipakua wewe mwenyewe leo saa nne asubuhi, cha kikao cha akina mama wa kanisa. Nilikuomba kidogo, nikakwambia nampelekea mgonjwa."

Vilikesa alianguka kutoka kwenye kiti, akabaki chini, anapiga sakafu kwa kiganja. "Boti ya leo!" alilia. "Jamani, mpelekeni bandarini!"

Taraivini aliitazama sahani, akalitazama sufuria. "Nilijua," akasema. Hakuna aliyemwamini, wala yeye hakujiamini. Kisha kicheko kikampata kutoka tumboni, kikapanda, mpaka miwani ikadondoka kwenye samaki. Walicheka wote hadi watu wa sokoni wakaja kuchungulia.

Alipofuta macho, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Lakini Kelera, nikikaa kwenye kiti, hii mikono nitaifanyia nini?"

Kelera akamshika mkono mmoja. Ni Vilikesa aliyejibu, bado yuko chini: "Utanipigia makofi."

Taraivini akacheka tena. Alimrushia kitambaa cha meza. Kisha akachagua, papo hapo, bila kuonja tena. Lovo ya Vilikesa. Mchuzi wa Bimla, na pilipili yake yote. Hoteli wapewe keki, kwa sababu keki hata ikiwa ndogo ina heshima yake.

Siku ya harusi Taraivini alikaa mbele, gauni la zambarau, maua shingoni. Vilikesa alimwekea kinamama wawili wa kijijini kwake, wapana kama milango, mmoja kila upande. Alinyanyuka mara tatu akisema anaenda msalani, na mara tatu alisindikizwa mpaka mlangoni na kurudishwa. Baada ya hapo akatulia. Akamwona Kelera akiingia, amefungwa vazi la harusi la magome ya mti lililomfanya aonekane mrefu kuliko siku zote. Akaona jinsi bwana harusi alivyomtengenezea ua sikioni. Vitu vidogo hivi hakujua kwamba hutokea, na alilia waziwazi, bila kutafuta moshi wa kuusingizia.

Chakula kilipoletwa alikula sahani nzima. Alipoongeza, Vilikesa akaja, akasimama mbele yake, majivu mpaka kwenye nyusi.

"Haya, ajuza. Sema mbele za watu."

Meza nzima ikageuka. Taraivini akapangusa mdomo taratibu.

"Nyama imeiva vizuri."

"Sema tena!"

"Sirudii. Ungetoa nta masikioni."

Vilikesa akaruka kama mtoto, akaenda kuwatangazia watani wote.

Taraivini alikuwa ameonja uhondo wa kukaa, na hakuuacha. Mwezi uliofuata alialikwa harusi nyingine, kama mgeni, akachagua kiti cha mbele na kurudisha sahani jikoni mara mbili. Mara ya tatu wapishi walimtuma mtu amuulize kwa adabu kama hangependa kuja kuwasaidia. Akamjibu kwamba angependa sana, ila leo amevaa gauni.