Kipa Aliyepanga Uani Kwetu

Juzi nilikuwa Moshi, saluni, nywele zangu mikononi mwa binti wa miaka ishirini hivi. Kwenye televisheni ya ukutani walikuwa wanarudia bao lililoiangusha timu moja kubwa siku iliyotangulia. Binti akaacha kusuka, akatazama mara moja tu, akasema, "Hiyo imepangwa." Mwenzake aliyekuwa anamwosha mteja kichwa akaitikia bila hata kugeuka, "Kila kitu kinapangwa siku hizi, mpaka mvua." Tukacheka wote. Lakini sauti ile niliijua. Ilikuwa ya baba yangu, ila safari hii imevaa hereni.

Baba alikuwa fundi saa. Kama ulikaa Moshi miaka ile bidhaa za nje zilipoanza kumiminika madukani, huenda uliwahi kumpita: baraza ya duka la vitambaa karibu na soko, meza ndogo yenye kioo juu, na mtu mwembamba aliyeinama, kile kioo kidogo cheusi cha mafundi amekibana kwenye jicho la kulia. Pembeni palikuwa na benchi. Benchi liliwekwa kwa ajili ya wateja, lakini waliolikalia kila siku walikuwa wanaume wanne watano ambao wengi wao hawakuwa na saa. Walifuata gazeti, na walifuata maneno ya baba kuhusu gazeti.

Mimi nilikuwa darasa la nne. Nikitoka shule nilimpelekea chakula, mara nyingi mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, kisha nikakaa kwenye ncha ya benchi nikisubiri chombo. Mtori ule ulinukia nyama na samli, na meza ya baba ilinukia mafuta ya taa aliyosafishia mashine. Hadi leo harufu hizo mbili zikikutana naona naweza kusikia mtu anafungua gazeti.

Hakuna habari iliyopita mbele ya baba bila kusachiwa. Magazeti yalipoanza kuwa mengi alisema, "Zamani yalikuwa mawili, yanasema jambo moja. Sasa yamejaa kamba nzima na kila moja lina ukweli wake. Ukweli umezaa?" Bendi ilipokuja kutoka Dar ikajaza ukumbi, yeye alirudi akisema wale vijana walikuwa wanafungua midomo tu, muziki ulikuwa kwenye kaseti. Mashindano ya urembo yalipofika mjini, alisema mshindi alijijua tangu anapimwa gauni. Hata mtangazaji wa redio mpya aliyependa kuchekacheka hakusalimika. "Huyu yuko peke yake chumbani. Anacheka na nani?" Benchi lilianguka kwa vicheko. Mimi nilimtazama nikaamini kabisa kwamba duniani hakuna wa kumdanganya baba yangu.

Nyumbani kwetu Majengo tulikuwa na chumba kimoja cha uani tulichopangisha, na mwaka ule alikikaa kipa wa timu ya mji. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mtu wa Kirua Vunjo, mchana anafanya kazi kwenye mashine ya kusaga, jioni uwanjani. Kila mtu alimwita Kipa, hata mama. Mimi nilimwita Kaka Kipa. Alirudi mweupe kwa unga, akaoga, akajipaka dawa ya misuli iliyotuchoma pua sote, kisha akanipa glavu zake nizianike kwenye seng'enge. Jumapili mama alimwita mezani, na alikula machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, kama mtu anayelipiza kisasi. Baba alimpenda. Alimtengenezea hata saa yake ya mkononi bure, na alikuwa akimtania barazani kwa sababu Kipa akitaka kujua saa ngapi aliinua saa mpaka puani. "Huyu haangalii saa," baba alisema, "anainusa."

Asubuhi moja nilikuwa nafagia uani. Ulikuwa ule wakati wa baridi ambapo mlima unaweza kujificha wiki nzima, kisha siku moja ukaamka nao upo, mweupe, karibu utadhani umehamia jirani. Kipa alitoka na mswaki mdomoni, akatazama juu, upande ule ule wa mlima.

"Leo tena mlima umejifunika," akasema.

Nikadhani ananitania. Nikamwambia, "Kaka Kipa, mbona uko wazi kabisa!"

Hakucheka. Alisimama akikaza macho, uso umekunjamana, na mimi nikaelewa papo hapo kwamba yule mtu alikuwa hauoni. Alilitema povu la mswaki, akanishika bega.

"Usimwambie mtu. Hata mama. Wakijua, nimekwisha."

"Kwa nini usivae miwani?"

"Wewe ulishaona wapi kipa mwenye miwani?"

Baadaye aliniambia vitu vya puani anaviona kama mtu yeyote, na mpira ukishaingia kwenye boksi haumpiti kirahisi. Vya mbali ndivyo vinayeyuka. Akasema anasikiliza mguu unavyopiga, anawaangalia mabeki wake wanavyogeuka, na mpaka sasa Mungu amemsaidia. Nikaapa sitasema. Kwa mtoto wa umri ule, siri ya mtu mzima ni zawadi. Nilitembea nayo nimevimba kichwa.

Ikaja mechi ya mwisho na timu ya mkoa wa jirani. Tulihitaji sare tu tupande daraja. Siku mbili kabla yake baba alirudi nyumbani na neno. Alisema amemwona mtu wa pikipiki amesimama na Kipa kwenye kona, akampa bahasha ya kaki, na Kipa akaiingiza ndani ya shati.

"Labda ni barua ya mchumba," mama akasema, akipakua.

"Barua ya mchumba haiji na pikipiki."

Mama akamwambia ale, chakula kinapoa.

Siku ya mechi tulikaa upande wa saruji, baba na mimi, na benchi lote la barazani nyuma yetu. Nilikuwa nimeshika pakiti ya karanga ambayo sikuimaliza. Mpaka dakika za mwisho hakukuwa na bao. Jua lilikuwa limeshuka na kumkabili Kipa usoni. Kisha kiungo wao mmoja, akiwa mbali sana, karibu na duara la katikati, akaachia shuti. Halikuwa shuti la kutisha. Uwanja mzima tuliuona mpira unavyokuja, tukapata hata nafasi ya kuuwaza. Kipa alisimama anatazama kulia. Mpira ukadunda mara moja ukaingia kushoto kwake, na aligeuka aliposikia wavu.

Halafu baba akasimama.

"Ameuza!" alisema, kwa ile sauti yake ya barazani. "Nilisema mimi! Nilimwona na bahasha!"

Neno hilo liliondoka kwetu likazunguka uwanja kama moto kwenye majani makavu. Nililisikia linapita safu ya chini, likafika kwenye goli, watu wakaanza kulisema kwa pamoja. Maganda ya machungwa yakarushwa. Mimi nilikuwa namvuta baba shati. Nilijua. Katika watu wote wale ni mimi peke yangu niliyejua, na nilikuwa nimeapa, nikafunga mdomo.

Kesho yake mlango wa uani ulikuwa umeandikwa kwa mkaa: MUUZAJI. Kwenye mashine ya kusaga walimwambia asije, wateja wanalalamika. Baba hakumfukuza, lakini hakumsalimia, na kwenye nyumba yetu hilo lilitosha. Siku ya tatu asubuhi Kipa alifunga begi lake. Alimuaga mama. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na seng'enge na glavu zake, akaniambia, "Baki nazo." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Umetunza neno langu. Ahsante." Maneno yale yaliniuma kuliko kama angenipiga.

Mchana ule nilipeleka mtori barazani, na benchi lilikuwa bado halijafika. Nikamwambia baba yote.

Kwanza hakutoa kile kioo jichoni. "Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Kipa amekufundisha useme hivyo?"

"Kipa ameshaondoka, baba. Aliniapisha nisiseme. Siku ile mlima uko wazi alisema umejifunika."

Alikaa na saa ya mtu mkononi, iko wazi, magurudumu yake yote yanaonekana. Nikaona mkono wake unaishusha polepole mezani. Nadhani ndipo alipoikumbuka ile saa ya puani, ambayo yeye mwenyewe aliifanya mzaha mwaka mzima. Alikitoa kioo jichoni, akakifuta kwa shati, akakifuta tena. Mtori ulipoa hakuugusa.

Jumamosi yake tulipanda gari la Kirua, yeye na mimi. Alivaa koti la kanisani. Tuliposhuka aliomba kwa mama mmoja kwenye mpaka wa shamba, akakata jani la isale. Kwa Wachagga, ukimkosea mtu unamwendea na jani hilo, na yeye akiliona anajua umekuja kuomba msamaha. Sikuwahi kumwona baba amelishika. Alilibeba kwa mikono miwili kama kitu kinachoweza kumwagika, tukapita chini ya migomba na mibuni mpaka kihambani, kwenye shamba la ukoo, kwa kina Kipa.

Mama yake alitukaribisha, akaliona jani, hakuuliza. Akasema kijana yuko mferejini anafungulia maji, atakuja. Tukakaa kwenye kigoda na gogo. Baada ya muda Kipa akatokea kwenye njia, jembe begani, anakuja moja kwa moja kwetu. Alipobakiza hatua kama kumi na tano kutufikia, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo mzee. Karibuni."

Alimsalimia kama anavyosalimiwa mgeni yeyote aliyepita. Baba alimtazama tu akisogea, hatua kwa hatua, akitabasamu tabasamu la heshima, hajui ni nani.

"Ni mimi," baba akasema mwishowe. "Ni fundi."

Tabasamu likaondoka. Kipa akashusha jembe. Baba akasimama, akanyoosha jani. "Nimekuharibia jina," akasema. "Sikuona, nikasema nimeona."

Kipa alilipokea. Kwetu ni vigumu kulikataa. Lakini hakuharakisha kukaa. Baba naye, kwa kuwa alikuwa baba, hakuweza kuizuia ile tabia yake. "Na bahasha? Ilikuwa ya nini?"

Nilitaka ardhi inimeze. Kipa akaingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki, akampa. Ndani mlikuwa na picha, kubwa, ya mpiga picha wa mjini aliyezungusha kazi zake kwa pikipiki. Ilikuwa picha ya uwanja, imepigwa kutoka nyuma ya goli siku ya mechi ya awali: mgongo wa Kipa, nyasi, wachezaji, na watu jukwaani mpaka mwisho.

"Nilimwomba anipigie," Kipa akasema. "Nilitaka nione ninachokitazama."

Baba aliirudisha ile picha kwenye bahasha. Kisha akasema atarudi mjini, atawaambia wote barazani, mmoja mmoja, kwamba yeye ndiye aliyekosea.

"Mzee," Kipa akajibu, "uliwaambia mara moja wakaamini. Ukiwaambia mara ya pili watasema nimekupa chochote. Acha tu. Mjini sirudi."

Tukanywa mbege, pombe ya ndizi aliyoipika mama yake, mimi nikapewa kiburu cha ndizi na maharage kwenye bakuli, tukarudi na gari la jioni.

Jumatatu baba aliwaambia. Nilikuwepo. Alisimama, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akaeleza kuhusu macho, kuhusu picha, kuhusu salamu aliyopewa kihambani. Wakamsikiliza mpaka mwisho. Kisha mmoja akasema, "Kipa kipofu? Na penalti ya mwezi uliopita alidakaje?" Baba akaeleza kwamba penalti ni karibu. Wakatazamana. Mwingine akakunja gazeti, akacheka taratibu. "Kumbe na fundi naye amekula."

Benchi lilianguka kwa vicheko, vile vile kama siku zote. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona baba anasema kweli tupu na hana hata mtu mmoja wa kumwamini. Alirudia maneno yale wiki nzima. Baada ya hapo alinyamaza, akawa ananunua gazeti na kulisoma mwenyewe, na wale wa benchi wakatafuta baraza nyingine yenye mazungumzo. Saa za plastiki zilimaliza kazi ya ufundi iliyobaki. Zikiharibika watu walitupa wakanunua nyingine.

Lakini alianza kupanda Kirua. Si kila Jumamosi, ila mara nyingi, na gazeti la michezo kwapani. Wawili wale walikaa chini ya migomba wakibishana mechi ambazo hakuna kati yao aliyeziona. Baba akianza, "Hii nayo ilikuwa na mkono wa mtu," Kipa alimwangalia tu, na baba akapunguza sauti. Nilikwenda naye udogo wangu wote, na kama kuna mahali nimewahi kujisikia salama, ni kwenye gogo lile, nikisikia maji ya mfereji na wanaume wawili wakisomeana matokeo.

Baba ametutoka zamani. Baraza ile sasa wanauza simu, na duka la vitambaa halipo. Mfereji umekauka, mibuni mingi imeng'olewa, na mama yake Kipa amezikwa pale pale kihambani. Baada ya saluni niliamua kupanda Kirua kumsalimia Kipa. Amezeeka, ana miwani mizito, anafuga ng'ombe wawili. Alitaka habari za mjini, nami nikazimwaga: nani kaiba, msanii gani kamwacha nani, mechi ipi imeuzwa. Nilikuwa nachangamka kweli. Alinisikiliza kwa upole, na kila nilipomaliza moja aliuliza swali lile lile, bila ukali wowote, kama mtu anayetaka kujua tu.

"Uliona mwenyewe?"

Alipouliza mara ya nne, niliiacha habari ya tano mdomoni. Nikaomba maji ya kunywa.